Pikipiki ya Matairi Manne Tuliyoichagua Themi

Mpendwa Baba Anaeli,

Masika yamekaribia. Mlima umeanza kujifunika mawingu tangu asubuhi, na sauti yako hainyamazi masikioni mwangu: "Mama Anaeli, mzee Meru amevaa kofia, anua nguo." Nakuandikia kwa sababu Jumapili kumetokea jambo hapa nyumbani, na sina mwingine wa kumsimulia akalielewa lote.

Hali uliyoiacha unaijua. Ng'ombe wanne wa maziwa, shamba huku juu karibu na msitu, na ile njia yetu ya kushuka Usa, kwenye kituo cha maziwa, ambayo mvua ikinyesha inageuka uji. Tuling'oa kahawa miaka ile mambo yote yalipokuwa ruksa, kila mnunuzi akaja na mzani wake na bei yake, tukasema basi, tutaishi kwa maziwa. Lakini maziwa yasipofika kituoni asubuhi yanachachuka, na yakichachuka kila siku hakuna maisha huku mlimani, ni kuhama tu. Ndiyo maana uliposema tutafute pikipiki ya matairi manne sikukubishia. Nilikuja kubisha tulipofika Themi, kule mjini.

Unaikumbuka ile yadi ya mitumba? Friji, magodoro, majenereta, na mbele kabisa pikipiki tatu zimesimamishwa kama mitamba mnadani. Yule Mchaga mwenye yadi alikuamkia shikamoo, akakupeleka moja kwa moja kwenye ile kubwa nyekundu. "Mzee, hii ndiyo ya mwanaume! Hii inang'oa kisiki."

Wewe ulianzia miguuni, kama baba yako alivyokufundisha kukagua ng'ombe. Ukachuchumaa ukachungulia uvunguni kuona kama tumbo litapita juu ya mawe yetu. Ukapima keria ya nyuma kwa mikono, kama itabeba madumu mawili na mzigo wa mabingobingo, majani ya ng'ombe. Ile ndogo uliikataa mapema kwa sababu ilisukumwa na matairi ya nyuma peke yake. "Hii pale mtoni itachimba kaburi lake yenyewe," ukasema. Ile kubwa ukajaribu kuinyanyua upande mmoja, ukakohoa mpaka yule bwana akakuletea kiti.

"Ikipinduka hii, nani ataiinua?" ukauliza. Nilidhani una maana wewe mwenyewe.

Ikabaki ile ya kijani, ya kati, inayovuta kwa matairi yote manne. Hukuikalia. Ukanigeukia mimi. "Mama Anaeli, njoo ukae."

Mimi! Na gauni la kanisani! Nikakuambia uache utani mbele za watu. "Kaa," ukasema. "Kwetu mtamba hachaguliwi bila mkamuaji." Na kweli, ndivyo ilivyokuwa kwenu. Siku tuliyomnunua Neema, mmoja wa hawa ng'ombe wanne, ulinipeleka hadi mnadani nimshike kiwele, nione kama anarusha teke. Mwanaume atalipa, lakini mkono wa mwanamke ndio unaoamua. Basi nikakaa, huku nacheka kwa aibu. Ukaniambia nikanyage breki, nishike huku, nigeuze kule, na wewe unazunguka unanitazama miguu.

"Hii," ukamwambia yule bwana.

Nilinuna njia nzima. "Umeacha dume umechukua ndama," nilikuambia. Ukajibu ndama huyu anavuta kwa miguu yote minne, ukaendelea kutazama nje.

Na ndama mwenyewe hakukutosha hata kidogo! Mtu aliyekuwa anainama kuingia mlango wa jikoni, ukikaa pale magoti yanakufika kifuani. Watoto wa jirani wakakubandika jina la Panzi. Ukaiendesha hivyo hivyo kwa muda mfupi, halafu zikaanza habari za goti. "Goti linanisumbua, leo peleka wewe maziwa." Kesho yake goti. Keshokutwa goti. Nikajifunza kwa shingo upande: gia nzito unaiweka kabla ya mlima, madumu hayafungwi juu, kwenye mteremko unaegemea upande wa mlima. Siku niliyobadilisha gia katikati ya kilima ulinifokea mpaka kuku wakakimbia. "Mlima hauombwi samahani ukiwa katikati!"

Wanawake wa usharikani hawakuniacha. Eti Mama Anaeli kapanua miguu kama mwanaume. Siku ile baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, ulikuwa umeshika mkungu wa ndizi ulioununua, ukawasikia. "Maziwa hayajui aliyeyaleta alikaaje," ukasema, ukaondoka na mkungu wako. Nilikupenda siku ile, nakuambia leo kwa sababu siku ile sikukuambia.

Kisha ukaondoka. Tulipomaliza kukuzika niliifunika pikipiki turubai, nikashindwa kuigusa. Nikarudi kubeba maziwa kichwani. Nusu yakawa yanachachuka njiani, nikawa nakonda, na Anaeli akiniona anatikisa kichwa. "Mama, njoo mjini, Sombetini. Nyumba yangu imekwisha kujengwa, umeme upo. Ng'ombe tutawauza, shamba tutakodisha." Yeye si mtoto mbaya, ni woga wa kunikuta siku moja nimeanguka mtoni. Nilibisha mpaka nikachoka. Mwisho nikamwambia haya, anza na hiyo pikipiki.

Ndiyo hiyo Jumapili sasa. Akaja na mteja, bwana mmoja wa Kimandolu, mrefu, mcheshi. Wakatoa turubai. Bwana akapanda, na magoti yakaja kifuani vile vile. Nikaangua kicheko peke yangu, machozi yakanitoka.

"Ndugu yangu Anaeli," akasema, "mzee wako alikuwa mfupi?"

"Mfupi? Baba alikuwa ananizidi kichwa kizima."

"Basi hii hakujinunulia yeye." Akasema hivyo tu, akaendelea kuchezea swichi ya taa.

Baba Anaeli, nilikaa chini kwenye gogo la kukatia majani. Kile kikohozi cha Themi. Wiki ile ile ulikuwa umetoka hospitali, ukaniambia ni baridi tu. Nani ataiinua. Njoo ukae. Ulikuwa unatazama miguu yangu kama inafika.

Ulijua, mume wangu. Ulijua na ukanyamaza, na kwa hilo nina hasira na wewe mpaka leo, maana tungelia pamoja. Lakini sijapata kupendwa hivyo na mtu yeyote, na wala sikujua wakati napendwa.

Nikainuka. "Baba, shuka," nikamwambia yule bwana. "Karibu ndani ule, loshoro ya mahindi na mtindi ipo. Pikipiki haiuzwi."

"Mama!" Anaeli akaruka.

"Na ng'ombe hawauzwi. Kaa na mgeni wako."

Nikavaa gambuti, nikaiwasha. Ikagoma, ikakohoa, ikawaka. Nikashuka nayo hadi mtoni na kupanda tena, gia nzito kabla ya mlima, Anaeli anakimbia nyuma anapiga kelele mpaka akaishiwa pumzi. Nilipozima injini alishika usukani, akaniuliza taratibu kama breki ya mbele inahitaji fundi. Nikamwambia ndiyo, alete fundi, lakini Sombetini nitakuja kusalimia tu.

Leo maziwa yamefika kituoni yote mazima. Neema ana mimba tena. Mvua ikianza, usiwe na wasiwasi na ile kona ya mtoni, nitaipita polepole kama ulivyonifundisha.

Pumzika, Panzi wangu. Na lile goti lako, sasa najua halikuuma hata siku moja.

Mimi mkeo,
Mama Anaeli