Nilitafuta Utulivu, Mke na Buibui Wakanihama

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono maana nilipofika sioni mbele wala nyuma, mimi ni msimamizi wa ghala la vipuri vya magari, kutwa nzima ni kelele, madereva wanapiga honi getini, simu mbili zinalia kwa pamoja, wapakiaji wanabishana, nikirudi nyumbani jioni hata mlio wa kijiko kwenye kikombe unanigonga kichwani, mpaka daktari akanipima akasema, "Mzee, presha yako inapanda ngazi mbilimbili, tafuta kitu cha kukutuliza."

Basi jioni ile nikamkuta mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, amekaa kwenye kigoda mlango wa nyuma, miguu ndani ya beseni la maji, anamtazama buibui akitega utando kati ya kamba ya kuanikia nguo na bomba la tangi. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Kaa. Usiongee." Nikakaa. Mshauri, sikudanganyi, yule mdudu alikuwa anashuka na uzi wake, anaupima kwa mguu, anaufunga, anazunguka, jua la mwisho likaupiga ule uzi ukang'aa, nikasikia mabega yananishuka kama mtu aliyetua gunia, na kitandani nikalala fofofo.

Sasa mimi si mtu wa kuona jambo zuri nikaliacha hivihivi bila mpango. Kesho yake nikaweka kengele kwenye simu ili jioni isitupite, nikafunga taa kubwa buibui aonekane vizuri, nikanunua viti vya plastiki, nikafungua kundi kwenye simu nikaliita Utulivu wa Jioni, nikawaalika mhasibu, mlinzi wa getini na wapakiaji, wakanichagua mwenyekiti, ingawa kwa kweli nilikuwa nimeshajichagua, na kila jioni nilifungua kwa hotuba fupi kuhusu faida za ukimya, kisha maswali. Mhasibu na mlinzi walibishana buibui ana macho mangapi mpaka wakakunjana mashati. Mke wangu akawa anachemsha chai ya wajumbe. Halafu ile kamba ya nguo ikawa inawakwaruza wageni shingoni, nikaihamisha, sikukumbuka kabisa kwamba ndiyo nyumba ya buibui mwenyewe.

Buibui hakuonekana tena. Mke wangu alitazama palipokuwa na kamba, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Baba Pacha, nilikuwa na mlango mmoja wa kukalia duniani, nao umeugeuza ofisi." Akabeba kigoda chake. Tangu siku hiyo akitoka kazini anapitia kwa dada yake, anakaa uani huko, anarudi wakati wa kulala, hanuni wala hagombi, na hilo ndilo linaloniogopesha. Watoto wetu pacha wanasema mama yao akiwa kule anacheka. Presha imepanda zaidi, na nilipomweleza daktari kwamba mimi ni mwenyekiti wa utulivu, alivua miwani akacheka mpaka machozi. Nampenda mke wangu. Nimrudishe vipi kundini? Na kama unajua wanapouza buibui, naomba unielekeze.

Mwenyekiti Mpweke

*

Mwenyekiti, pole sana. Hapo pole imekwisha, sasa tuongee.

Nimesoma barua yako ya utulivu nikakosa mahali pa kupumua. Mkeo alikupa dawa bure yenye masharti mawili: kaa, na usiongee. Uliliweza la kwanza kwa sababu lina kiti. Najua ulifurahi, na mtu akifurahi hutamani kuita watu, hilo si kosa, tena linaonyesha una moyo. Lakini ulijiuliza hata mara moja yeye alifikishwa pale na nini? Huyo mama anainamia cherehani kutwa, anarudi kwenye nyumba yenye pacha na mume asiyetaka kusikia kijiko, na kile kipande cha jioni ndicho kilichokuwa chake peke yake. Wewe ukamletea wajumbe, kisha ukamwagiza chai! Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na wewe kaka yangu ulikuwa umeshaionja.

Unauliza umrudishe vipi kundini. Kundini humrudishi, unamrudisha nyumbani. Vunja hilo kundi leo, bila hotuba ya kuaga. Shusha taa, viti wape majirani wenye shughuli, kamba irudishe ilipokuwa. Kisha nenda kwa shemeji yako, usijieleze, sema tu, "Nimekosa, mke wangu, tafadhali turudi," umbebee kigoda. Akikataa, rudi peke yako, kesho uende tena. Akikubali, jioni ingia jikoni wewe, pika, ogesha pacha, na mlango wa nyuma usiusogelee mpaka akuite mwenyewe. Buibui hauzwi. Akipapenda mahali huja, asipopapenda huna la kumfanya, na mke ni hivyohivyo. Vidonge vya daktari endelea kumeza.

Siku akikusogezea nafasi, keti. Huenda kutakuwa na wingu tu, au sisimizi na punje yake ya sukari. Ukiona la ajabu, baki mdomo wazi kama watu wengine. Wazi tu. Usitoe neno.