Papa, Jiwe Lako Bado Liko Kwenye Barza

Papa yangu mpendwa,

Leo nimevunja mgongo kwa ajili yako, na sijui nikushukuru au nikugombeze.

Nyumba yako hii ya enzi ya Wabelgiji, hapa Keshero, imeshapoteza madirisha na nusu ya mabati, lakini mbao za sakafu hazijawahi kukosa nta. Kila Jumamosi ulipiga magoti na kitambaa chako, nasi watoto tukapita kwa kunyata kama wezi. Mama alilalamika kwamba umeoa nyumba, yeye ni mgeni tu.

Kisha vita vikatuletea familia kutoka Masisi, ukawalaza kwenye barza, kibaraza chetu cha mbele. Asubuhi mama yao aliwasha babula ya makala, jiko lake la mkaa, akaiweka moja kwa moja juu ya mbao. Tulipoliona lile duara jeusi tulijificha, tukisubiri ugombe.

"Muzee, utusamehe," alisema yule mama. "Kwetu chini ni udongo."

Ulitoka nje, ukarudi umekumbatia jiwe bapa la volkano, ukalitua juu ya duara.

"Pikia hapa, mama. Batoto wana njaa."

Walikuja wengine, wakaenda, na wote walipikia pale. Nami nilikuwa naona haya mbele ya wanafunzi wenzangu.

Siku zako za mwisho uliniambia, "Mama, uchunge nyumba. Mbao zisiharibike." Nilikutii kupita kiasi, Papa. Juzi watu waliokimbia vita waliteremka tena na magodoro kichwani, mama mmoja akabisha hodi na watoto watatu, nikamwambia hakuna nafasi. Nilidanganya kwa ajili ya sakafu yako.

Leo asubuhi niliamua kuzitoa zile mbao zilizoungua. Nikalisukuma jiwe, nikakuta duara jeusi linang'aa. Lilikuwa na nta, tabaka juu ya tabaka. Kumbe kila Jumamosi, na mgongo wako ule mbovu, ulikuwa ukilisogeza jiwe, ukipaka nta hata pale palipoungua, kisha ukilirudisha. Nililia pale pale, nimekaa chini.

Halafu nikatoka kumtafuta yule mama. Alikuwa bado kando ya ukuta wa jirani. Alipofika kwenye barza, babula mkononi, aliniuliza, "Mama, moto naweka wapi?"

Nimelirudisha jiwe peke yangu. Ni zito, Papa, hukuwahi kusema. Jumamosi nitalisogeza tena.

Binti yako, uliyezoea kumwita Mama