Sanduku la Samaki la Baba Ndulu

Jumapili, 4 Agosti 1974

Shule imefungwa. Nimelala hadi saa moja na nusu, dhambi tamu. Nimeamka nikakuta pampu ya baiskeli yangu haipo. Nikamuuliza mume wangu, Baba Ndulu. Akajibu kwamba imepata kazi. Imepata kazi! Yeye mwenyewe hana kazi tangu Desemba, pampu yangu imeajiriwa.

Nimeikuta nyuma ya choo, imeunganishwa kwa mpira mwembamba na sanduku la mbao. Akanieleza mpango wote. Sanduku litakaa ndani ya mtumbwi wa rafiki yake Reuben, kule ziwa Jipe, limejaa maji. Perege akivuliwa anatiwa humo akiwa mzima, na pampu inampulizia hewa. Mtumbwi ukirudi ukingoni, sanduku linapanda kwenye keria ya baiskeli (yangu) na kuja hadi hapa Mahoo, samaki bado anapumua. Kisha anaingia kwenye lile shimo kando ya mfereji, azae. Mwezi mzima nilidhani anachimba choo kipya! Na nilishawatangazia walimu wenzangu.

Nilicheka sana. Halafu nikaingia ndani nikalia kidogo. Miezi minane tangu kinu cha mkonge kimle vidole viwili vya mkono wa kushoto, mume wangu amekaa kwenye kiti pale mlangoni akitazama barabara. Leo ameongea dakika kumi mfululizo. Tena kuhusu samaki, yeye Mkamba wa Kibwezi! Kwao maji yenyewe ni habari, sembuse samaki.

Jumanne, 6 Agosti

Mama amefika kutoka Mgange na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Anakaa likizo yote. Basi nyumba ina watu wawili wasiotazamana. Kwao Baba Ndulu hiyo inaitwa nthoni: mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, wala hawatajani majina. Mama ni Mtaita wa kanisa, angeweza kusema haimhusu. Lakini ameipenda desturi hii kuliko Wakamba wenyewe. Miaka kumi na minne sasa! Mkwewe akitokea huku, yeye anajifunika uso kwa ile leso yake ya maua mekundu na kugeukia ukuta.

Na mimi ndiye posta. Leo Mama kaniambia nimwambie mwenye mji kwamba safari ilikuwa njema. Mwenye mji yuko hatua sita, kasikia kila neno. Nikamwambia. Akasema nimwambie karibu. Nikamwambia.

Kisha Mama akaliona sanduku. Kwetu milimani wazee hawali samaki, ni nyoka wa majini. Akasema, kwa sauti ya kufika hatua sita, kwamba tangu azaliwe anajua nyoka anauawa, hajawahi kuona anajengewa nyumba.

Barua hiyo sikuipeleka.

Alhamisi, 8 Agosti

Sanduku linavuja. Fundi wetu hakuhangaika. Kaenda kwa wenzake wa zamani kule kinuni, karudi na furushi la nyuzi za mkonge, zimetoka mashineni leo leo, bado mbichi na kijani. Miaka ishirini ya mkonge! Kitanda kikilegea, mkonge. Mlango ukining'inia, mkonge. Siku jino likimuuma najua atatafuta nini.

Amezijaza nyufa zote kwa bisibisi na nyundo, vidole vitatu vikifanya kazi ya vitano. Sasa halivuji hata tone. Amekaa analitazama na kupiga mluzi wa wimbo wa kanisani, ameukosea kama kawaida. Sikuwa nimeusikia mluzi huo mwaka huu.

Mama kapita na leso yake usoni. Kainama, kanusa sanduku, akasema, "Hm." Nikamuuliza hm nini. Akasema yeye hajaulizwa na mtu. Nami sikutaka kuukata ule mluzi. Nikaiacha hm ikapita.

Jumamosi, 10 Agosti

Ameondoka saa kumi alfajiri. Hajui kuogelea. Jipe ina viboko na mamba. Nilimwambia akizama asije kulalamika kwangu, kisha siku nzima nikaomba Mungu asilichukulie neno hilo kwa uzito.

Amerudi jioni mzima. Perege tisa, wote matumbo juu. Anasema hawakumaliza hata nusu saa humo ndani, kabla mtumbwi haujarudi ukingoni. Alipiga pampu hadi mkono ukafa ganzi. Reuben akamwambia kwa upole kwamba samaki waliokufa wanaweza kubebwa kwa kikapu, hawahitaji sanduku.

Akaliweka sanduku nyuma ya choo. Akarudi kwenye kile kiti. Nilitafuta neno la kumtania, nikakosa. Hilo limenitia hofu kuliko viboko.

Jumapili, 11 Agosti

Hakuja kanisani. Kiti.

Jumatatu, 12 Agosti

Mama kaniita jikoni. Kaanza mbali, na mbuzi. Alipokuwa msichana mbuzi wao walikunywa kwenye kidimbwi walikoloweka mkonge, wakafa watatu. Ng'ombe mwenye akili akinusa maji hayo anageuza kichwa. Ule utomvu unamwasha mtu mguu hadi ajikune damu. Je, kiumbe anayeyavuta maji hayo ndani ya mwili wake, utamfanya nini? Alijua tangu siku ile aliponusa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nimwambie nani," akasema, "na mimi simwoni?"

Nikaona aibu, maana posta ni mimi. Nikaenda mlangoni, nikamweleza Baba Ndulu yote, na mbuzi pia. Akautazama mkono wake, miaka ishirini ya kuwashwa na utomvu ule ule. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, lakini kicheko. Akasema nimwambie — hakumaliza. Akainuka, akaenda nyuma ya choo, na muda si muda nikamsikia anaung'oa uzi wa kwanza wa mkonge.

Alhamisi, 15 Agosti

Sanduku limesuguliwa kwa majivu na kulowekwa siku tatu, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni. Jana kaenda soko la Njukini akarudi na nta ya nyuki, kampata Mkamba mwenzake anayeuza asali. Mume wangu na mambo ya nyuki: sasa huyo ndiye Mkamba ninayemjua! Ameiyeyusha ndani ya sufuria yangu ya ugali. Tumekula ugali unaonukia mzinga.

Nta peke yake haishiki, inataka kitambaa. Nikaanza kupekua matambara. Mama akatoka chumbani na leso yake, ile ile ya maua mekundu, ameshaichana vipande vinne. Akasema nimpe mwenye mji. Nikamwambia sasa atajifunika nini. Akasema hayo si ya posta.

Jioni kapita uani amejifunika kwa ungo.

Ijumaa, 16 Agosti

Viluwiluwi sita kutoka mferejini walilala sandukuni usiku mmoja. Asubuhi wote sita wazima. Baba Ndulu kawahesabu mara tatu. Amewarudisha mferejini kwa mkono, mmoja mmoja, kama anawaaga wageni.

Anaenda tena kesho. Nimemwambia wakifa tena mimi nitampenda vile vile. Akasema anajua, lakini hicho sicho anachokiogopa. Anakiogopa kiti.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa nane. Alipaswa kuwa amefika. Zamu yetu ya maji ya mfereji ni leo hadi saa kumi na moja. Ikipita, shimo ni kavu hadi Jumamosi ijayo, na ametuagiza tusiufungue mfereji mpaka afike mwenyewe. Mama amekaa uani anachambua maharagwe.

Saa tisa na nusu. Mama bado anachambua. Maharagwe yale yale, mara ya tatu.

Saa kumi na nusu. Naandika nimesimama. Amekuja! Kwa miguu, anakokota baiskeli, gurudumu la nyuma limelala chini. Pancha, kumbe tangu nusu ya njia. Kiraka anacho, lakini pampu iko kwenye sanduku, na akiichukua kujaza gurudumu samaki wanakosa hewa. Amewachagua samaki. Ametembea.

Tumefungua kifuniko. Perege saba. Watano wanaogelea. Wawili wamelala ubavu lakini mikia inacheza. Hakuweza kuacha pampu, na mfereji ulikuwa bado umezibwa. Akawa anatazama huku na huku, jasho linamtoka, na mkono ule mbovu hauwezi tena. Nami nimesimama tu kama mlingoti!

Mama akaweka ungo chini. Akaja uso wazi. Akaishika pampu mkononi mwake.

"Kituku," akasema. "Kafungulie maji. Hewa niachie mimi."

Miaka kumi na minne, na leo kamwita mkwewe kwa jina lake. Naye akamtazama, akamtazama kabisa. Akasema, "Ndiyo, mama." Kisha akakimbia — Baba Ndulu, akikimbia!

Mimi nimetumwa karai la kuwahamishia samaki. Ninalo mkononi. Ningetoka, lakini nimeogopa nitasahau jinsi ilivyokuwa. Nasikia Mama anapiga pampu na kuwagombeza nyoka wake wasithubutu kumfia. Jembe linagonga. Maji yameanza, nayasikia, ila sijui kama ni mengi ya kutosha. Dakika ishirini zimebaki. Wale wawili wa ubavuni sijui.

Wananiita. Wote wawili kwa pamoja, na hakuna aliyenituma kwa mwenzake.