Unaomba ama Unanunua?

Kangemi, Nairobi

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimekuacha? Na Neema, anachota maji bila kununa, au bado mnaianza siku kwa ugomvi? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inakaribia ile ya kwetu Songea, kwa hiyo sweta ulilonifumia halikai sandukuni.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu naishia kusema "niko salama" halafu namrudishia Baba Mdogo simu yake. Ninalotaka kukuambia leo haliwezi kuingia katika "niko salama".

Unakumbuka muhula uliopita nilipokusihi unirudishe nyumbani? Sikukueleza sababu. Lilikuwa neno lako, Mama. Wewe hukunipa hata chumvi mezani kabla sijasema "naomba". Basi nilipofika hapa nilikwenda dukani, nikasema kwa sauti yangu ya chini, "Naomba mkate." Mama mwenye duka akanitazama. "Kijana, unaomba ama unanunua? Hapa hatupeani bure!"

Nyuma yangu walisimama vijana wa darasa langu. Kesho yake shule nzima ilinijua kwa jina la Naomba. "Niaje, Naomba! Leo umepewa?" Nikiazima rula: "Huyu hashibi kuomba!" Nikaacha kusema kabisa. Mapumziko yangu yote nikayahamishia maktaba.

Ijumaa moja nilikuta maktaba imefungwa, nikaenda kusomea ndani ya maabara, kwenye viti vya nyuma. Sikujua kwamba umoja wa wanafunzi Wakristo hukutana humo. Waliingia wakiimba, wakajaa mpaka mlangoni, nami nimebanwa kule nyuma na kitabu changu. Kiongozi wao, Mutua, wa kidato cha nne, akauliza, "Nani atatufungulia na maombi?" Sikuwa nasikiliza, nilikuwa natafuta namna ya kutoka. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasema, "Naomba..."

Nilitaka kusema naomba kupita. Lakini kabla sijamaliza, vichwa vyote viliinama na macho yote yakafumbwa.

Mama, nilivitazama vile vichwa kimoja kimoja. Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nifike Nairobi: chumba kimejaa watu na hakuna hata mmoja anayenitazama. Nikaanza tena. "Naomba nisiwe peke yangu." Sijui lilitoka wapi. "Naomba Mama apate usingizi. Naomba asidhani, Mungu, kwamba ulitusahau siku tuliyomzika Baba." Kila nililosema, wao wakaitikia polepole, "Ndiyo, Bwana," kana kwamba walimjua Baba.

Tuliposema amina, Mutua akanikodolea macho. "Si wewe ndiye Naomba? Kumbe hilo jina ni la kazi!"

"Nilitaka kupita tu," nikasema. "Nilikuwa naenda nje."

Walicheka mpaka wakashika meza. Na mimi nikacheka, Mama, kwa sauti.

Ijumaa iliyofuata nilirudi mwenyewe. Baadaye homa iliponilaza, walikuja kwa Baba Mdogo na unga na ndizi, wakakaa kitandani kwangu kwa kuwa viti havikutosha. Mutua akajaribu kunifundisha fizikia, vibaya sana. Kesho yake wakaja tena. Najua kwa nini uliacha kwenda kanisani: baada ya mazishi hakuna aliyerudi kutubishia hodi. Hawa walirudi. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini Yule wanayemwamini wao.

Sasa kila Jumapili ninasoma Neno kanisani kwao, karibu na Dagoretti Corner. Na siku ya wazazi niliomba mbele ya shule nzima, kwa kipaza sauti. Sauti haikutetemeka. Yule mama wa duka, kumbe ana mtoto shuleni kwetu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Huyo ni kastoma wangu!"

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nataka kubatizwa. Mchungaji aliniuliza mzazi wangu anasemaje. Baba Mdogo akasema, "Batizwa tu, mama yako atasikia baadaye." Nikakataa. Sitaki usikie baadaye. Mchungaji amekubali kunisubiri, na wenzangu tayari wanabishana nani atakupokea ukifika.

Sikuambii uwasamehe watu wa kanisa la huko, hilo ni lako. Lakini kwa adabu ile uliyonifundisha mezani, Mama: naomba baraka yako. Na naomba uje, usimame kando yangu.

Mpe Bibi shikamoo yangu, umwambie miguu yake ninaitaja katika maombi kila Ijumaa. Msalimie Mjomba fundi cherehani, na jirani yetu anayekuletea maziwa. Neema mwambie sijamsahau, hata anaponuna.

Ni mimi mwanao Yohana, ambaye huku wanamwita Naomba, naye siku hizi anaitika.