Kiherehere Kala Majani ya Mama

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga kibanda saa kumi, nimerudi nyumbani. Kiherehere hakuja mlangoni. Mbwa ambaye hata nikienda kutupa taka hunipokea kama nimetoka safari! Nimemkuta chini ya meza ya jikoni, mate yanamchuruzika, miguu inatetemeka. Kando yake pakiti ya Mama imechanwa vipande vipande. Ni yale majani makavu ya presha ambayo shangazi huyakausha nyuma ya nyumba yake. Pakiti ilikuwa nusu. Limebaki vumbi.

Mama akasema mpe maziwa, yanaua sumu. Nilishamimina kwenye bakuli. Kitu kikaniambia kwanza nimpigie daktari wa mifugo. Akakataa katakata — hakuna maziwa, hakuna mafuta, nisimtapishe kwa chumvi wala kumtia kidole kooni. Kusanya yaliyobaki, na matapishi kama yapo, umlete sasa hivi.

Nimembeba ndani ya shuka mpaka barabarani. Moyo wake niliusikia kwenye kifua changu. Unapiga, unasita, unapiga. Mimi fundi saa. Naijua sauti ya kitu kinachotaka kusimama.

Jumatano, 5 Machi

Wamemlaza. Wamempa mkaa wa dawa, ule mweusi wa kufyonza sumu, na dripu. Daktari anasema moyo unakwenda pole mno. Akaniuliza jina la majani. Sijui. Sisi tunayaita majani ya shangazi, basi. Aliyatandaza kwenye karatasi nyeupe, akanusa, akauliza nani anayanywa.

Mama yangu.

Tangu lini?

Hii wiki ya tatu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni.

Akavua miwani. Akasema yeye ni wa wanyama, hawezi kusema mengi juu ya mtu. Ila angekuwa mama yake, asingegusa tena hicho kikombe, na leo hii angemfikisha hospitali.

Sijui nimefikaje nyumbani. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamshika mkono kama ninayemsalimia, jicho kwenye saa. Mapigo arobaini na nne kwa dakika. Nikarudia: arobaini na tatu. Kuna moja liliruka — nililingoja, halikuja.

Nikamuuliza anajisikiaje. Kichwa chepesi tu, akasema. Na hizi taa mmebadilisha? Siku hizi mwanga wake wa njano.

Hatujabadilisha taa.

Nimemwomba twende. Hataki. Nikamweleza ya Kiherehere na majani, akanitazama kama nimemtukana mtu. Alipofariki baba, shangazi alihama kwake akaja kulala sakafuni kwetu miezi minane. Mama anasema hawezi kumwaibisha wifi yake kwa ajili ya mbwa mlafi. Amekubali kuacha kunywa, hapo tu ndipo nimemuweza. Birika nimelimwaga mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mama ameanguka bafuni. Nilisikia kishindo. Anapumua. Teksi iko nje.

Ijumaa, 7 Machi

Benchi la nje ya wodi.

Daktari wa mifugo amepiga: Kiherehere amesimama, amekunywa maji. Bado hajamruhusu. Nilitaka kufurahi, sikuweza.

Shangazi amekuja tangu asubuhi na nguo safi za Mama. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini nadhani amejua. Alipomwona Mama na ile mipira ya dripu mikononi alikaa kitako kama aliyekatwa miguu.

Daktari wa wodi akapita. Akamuuliza Mama, kuna dawa nyingine yoyote unatumia, hata za miti shamba? Mama akasema hapana kabla hajamaliza swali. Shangazi akaangalia sakafu. Daktari akanigeukia mimi.

Nikanyamaza.

Kwa nini nimenyamaza? Mtu mzima na ndevu zangu, ulimi umekuwa jiwe. Akaandika kwenye faili. Akasema basi huu ni moyo wenyewe umechoka, wataanza sindano ya moyo. Na kama sindano hiyo ikikutana na majani yaliyomo mwilini mwake?

Nimetoka nje. Shangazi amenifuata, amekaa hapa, ameshika mkono wangu wa kushoto. Anasema kwa sauti ya chini, mwanangu, hata mimi sina hakika ni jani lile lile la presha. Lilimea lenyewe pale uani, nikaona linafanana. Nilitaka apone tu. Wakijua watanifanya nini?

Mkono wake wa baridi. Ni mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Bahasha aliyonirudishia daktari wa mifugo, yenye vumbi la majani, iko mfukoni mwa shati. Muuguzi anatokea mwisho wa korido na trei, sindano juu yake. Anaelekea kitanda cha Mama.

Nasimama. Shangazi hajaniachia mkono.