Pedeli ya Nne

Scarborough

Mjukuu wangu Zahra,

Huku tu wazima, na goti la babu yako linaendelea vizuri. Umeniuliza kama ni aibu kuuliza swali mbele ya wanafunzi wenzako wa uhandisi huko Halifax.

Nilipoolewa Tanga, baba mkwe alikuwa na gari la kifahari la Kijerumani, la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kila likipita shimo lililia, na lilikuwa na pedeli ya nne. Nikauliza kazi yake.

"Iache tu, bi harusi," fundi wake wa gari alicheka. Kumbe naye hakujua.

Nikaingia uvunguni, nikafuata vibomba vyake. Vilikuwa vya kupeleka oili kwenye maungio yote, ila kitangi chake kilikuwa kikavu. Nikakijaza, nikakanyaga pedeli. Gari likaacha kulia.

"Binti," baba mkwe akasema, "kesho nakufundisha kuliendesha."

Nililiendesha mpaka tulipohamia Kanada. Uliza tu, mama.

Bibi yako akupendaye