Injini Yangu na Mkwe Asiyesema Nami

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mashine yangu ya kusaga imebaki gamba tupu! Mwita, mkwe wangu, ameing'oa injini na kuifunga kwenye karasha huko Segese, impondee mawe ya dhahabu. Injini ya unga! Mgodi mkubwa uliponihamisha kwetu, shamba likawa shimo; fidia ikawa mashine hii. Sina kingine cha kule. Alikodi asage mahindi — si miamba. Mwizi mwenye adabu.

Jumanne, 4 Juni
Nilimfuata. Kuniona tu, akachuchumaa. Shikamoo baba, akiiambia ardhi, kisha akatoweka nyuma ya lundo la mawe. Ndivyo alivyo tangu aoe: kwa heshima ya ukwe, na baba mkwe hasemi uso kwa uso. Aliyetoka kunijibu ni binti yangu Scolastika, Mama Kudra, vumbi hadi kwenye kope. Injini ni nzima, itarudi. Lini? Akageukia lundo. Lundo likanong'ona, naye akanifikishia:
"Tukishavuna mawe, baba."
Kuvuna mawe! Wachimbaji wakacheka. Mmoja akaniita mzee wa sembe.
Namshtaki Mwita. Jina lake kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 6 Juni
Mahakama ya Mwanzo. Karani Donatus akauliza nilipatana na nani. Na Mwita. Alisemaje? Hakusema, Scolastika alileta maneno yake, akapeleka yangu. Ufunguo wa mashine alipokea nani? Scolastika.
Akaweka kalamu chini. "Mzee, huyo Mwita hujapatana naye kitu. Mdaiwa wako ni Mama Kudra."
Nilimwambia hajui kazi. Nikatoka bila kuaga.
Anaijua. Miaka yote nimejivunia mkwe mwenye heshima — kumbe heshima ndiyo wakili wake!

Ijumaa, 7 Juni
Scolastika alikuja. Hakukaa. Nikamtaka aseme mbele ya hakimu kwamba alitumwa na mumewe.
"Halafu nirudi kulala wapi?"
Hapa, nikasema. Akatazama chumba changu kimoja, vitabu hadi kitandani.
"Niandike mimi, baba. Nikiitwa nitaitika."
Hata maji hakunywa. Namchukia yule mwanamume kuliko waliochimba shamba langu. Wao angalau walinitazama usoni.

Jumatatu, 10 Juni
Niko kwenye benchi la mahakama. Kwenye fomu ya madai, penye jina la mdaiwa bado peupe. Donatus anasema naweza kuwaandika wote wawili, ila Scolastika asipomtaja mumewe, Mwita atatoka na binti yangu atabaki peke yake. Nisipoandika mtu, injini itasagika pamoja na mawe.
Wamekuja wote wawili, wako chini ya dirisha. Nimeomba nafasi ya kumuuliza Mwita mwenyewe. Ajibu mara moja tu, karani asikie!
Nimeita: "Mwita!"
Amechuchumaa. Amenipa mgongo, kwa adabu zote.
"Abee, baba," ameitika Scolastika.
Donatus ameshika kalamu.